Siku mbili Mto wa Mbu na Ziwa Manyara: tulichopata kwa hela yetu

Wadau habari zenu. Niliahidi nikirudi nitaandika, sasa nimerudi, nimelala, nimefua nguo zenye tope, naandika. Tulikuwa wanne, mimi, mama yangu mzazi aliyeshuka kutoka Kibosho kule mlimani Kilimanjaro, wifi yangu, na mtoto wa dada yangu ambaye yuko darasa la sita. Safari ya siku mbili, Mto wa Mbu na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, tulichukua na kampuni moja ndogo ya utalii hapa hapa Arusha mjini. Jina siliweki maana kuna niliyoyapenda na kuna yaliyonikera na hayo yaliyonikera bado tunaongea nao. Tulilipa laki mbili na nusu kwa kichwa, hapo ni gari, mwenyeji wa kututembeza kijijini, gesti usiku mmoja na chakula, kiingilio cha hifadhi tulijilipia wenyewe na mjue getini hawataki keshi, unalipa kwa simu au kadi kwa hiyo weka hela kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

Kwanza niseme kwa nini huko. Mimi nina miaka kumi na moja Arusha, na miaka yote hiyo Mto wa Mbu kwangu ilikuwa ni pale gari inaposimama, unanunua ndizi nyekundu dirishani, unapanda mlima kwenda Karatu, basi imeisha. Nafikiri wengi wetu ndio hivyo hivyo, akili yote iko Ngorongoro. Sasa huyu mtoto siku moja anafanya homuweki ya jiografia akaniuliza, mamdogo, mwalimu kasema Ziwa Manyara halina mto unaotoka, sasa maji yote yanayoingia yanaenda wapi? Nikamjibu yanakauka na jua, akaniuliza na chumvi je? Nikaona hapa bora twende tukaone kwa macho. Ndo nikawaambia wale wa kampuni kabisa kwamba mimi sina haja ya kufukuzia simba, nataka tufuate maji, yanapotokea, yanapopita, yanapoingia ziwani. Wakasema sawa hakuna shida. Kumbukeni hilo neno sawa maana nitalirudia.

Kutoka Arusha mpaka Makuyuni ni kama kilomita 80, unakata kulia, halafu kama 40 kasoro hivi uko Mto wa Mbu, lami tupu. Tuliambiwa gari inatuchukua saa moja asubuhi, ikaja saa mbili na nusu, na ikaanza kwenda kuweka mafuta. Mama yangu ana miaka sabini na mbili, alikuwa amekaa kwenye kiti nje na kikapu chake tangu saa kumi na mbili na nusu. Hii ni ya kwanza kati ya zile zilizonikera.

Lakini sasa kijijini! Yule mwenyeji tuliyepewa, kijana wa pale pale, mzaliwa, alipomwona mama akaanza na shikamoo bibi, akachukua kikapu, akapunguza mwendo mpaka mwisho wa siku bila kuambiwa na mtu. Akatupeleka kwanza chini ya ule ukuta wa Bonde la Ufa, hakuanza na maduka ya vinyago kama nilivyoogopa. Akasema mvua inayonyesha kule juu kwenye milima ya Ngorongoro inazama kwenye mawe ya volkano, inatembea chini kwa chini, halafu inakuja kutokea hapa kwenye mguu wa mlima kama chemchemi. Ndio maana unakuta pale pamejaa miti mikubwa ya kijani wakati ukirudi nyuma kidogo tu kuelekea Makuyuni ni vumbi na migunga. Mvua ya pale sio nyingi kihivyo, ni maji ya chini ya ardhi yanayobeba ule msitu wote. Kuna kiziwa kinaitwa Miwaleni, kiko chini ya kilima cha Balaa, maji yanashuka yanaanguka pale, tulikaa kama nusu saa mtoto akiosha miguu na mama akisema hewa ya hapa ni kama ya nyumbani.

Tukafuata mfereji. Yaani unatembea kwenye tuta, mkono mmoja migomba mkono mwingine majaruba ya mpunga, na maji yanakatwa kwa udongo na magunia, huyu anafungulia saa fulani, yule anafunga, wana zamu zao na viongozi wao wa mfereji. Mama akasimama akasema kwa sauti kabisa, huu ni mfongo! Maana kwetu Uchagani mfereji ndo unaitwa hivyo, na kule nako kuna zamu na kuna ugomvi wa zamu, babu yangu aliwahi kutozwa faini ya pombe kwa kufungulia maji usiku. Kumbe sio ajabu, mwenyeji akatueleza kwamba zamani pale watu walikuwa wachache mno, ni miaka ya 1950 mwanzoni umwagiliaji ulipoanzishwa ndio wakulima wakaanza kumiminika kutoka kila kona ya nchi. Wachaga wamo, Wairaqw wamo, Warangi, Wambugwe, Waha kutoka Kigoma, Wamakonde wanaochonga mpingo, Wasandawe, na Wamasai ambao ndio majirani wa tangu mwanzo. Wenyewe wanasema makabila ya nchi nzima utayakuta hapo, mimi sikuhesabu lakini kwa siku moja nilisalimiwa kwa lugha nne.

Na kila mmoja kaja na kitu chake mkononi. Hapa ndo mimi nilipopenda sana, niruhusuni niende taratibu.

Tulipita kwa mama mmoja Muha ana michikichi nyuma ya nyumba, mbegu ya ukoo wao ilitoka Kigoma, anachemsha chikichi anaziponda kwenye kinu anakamua mawese, zile kokwa anaziweka pembeni kwa ajili ya mise, yaani mafuta ya kokwa. Wifi alinunua chupa moja na juzi kapikia maharage nyumba nzima inanukia. Halafu tukaenda kwa Warangi wanaosuka kwa mafunjo. Mafunjo yenyewe yanakatwa kwenye kinamasi, kule mito inapokaribia ziwa na kuanza kutawanyika, yanachanwa, yanaanikwa, yanageuzwa yasipate ukungu. Yule mama msukaji akamwonyesha mtoto jinsi ya kujua kama funjo limekomaa, unaliminya, likibonyea kirahisi bado bichi halifai. Akasema maji yakiwa mengi sana ziwani mafunjo yanazama wanakosa cha kukata, na maji yakikauka sana yanakuwa mafupi, kwa hiyo mkeka wake unategemea ziwa limeamkaje mwaka huo. Mtu ananiambia habari za ziwa kwa kutumia mkeka, kuanzia pale nikawa sioni tena kama nimekuja kutembea, nilikuwa nasikiliza.

Kwenye mpunga ulikuwa umeshatoa masuke, vijana wako juu ya vibanda vyao vya kuamia ndege, kombeo mkononi, wanapiga kelele kwelea kwelea wakija. Wanaanza alfajiri mpaka jua linazama. Mtoto wetu akaomba apande akapandishwa, akapewa na tope la kurusha, sijawahi kumwona amefurahi vile.

Mbege sasa, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kwenye ratiba ya wageni iko, unapelekwa kwenye kilabu unaonjeshwa. Mama yangu amepika mbege maisha yake yote, kwa hiyo alipoambiwa karibu bibi uonje alinyamaza kimya kama anayeingia kwenye kikao. Akashika kata, akainusa, akanywa kidogo, akauliza ndizi gani hii? Wakamwambia. Akauliza ulezi mmeotesha wenyewe kimea au mmenunua? Yule mama wa kilabu naye akaona huyu sio mgeni wa kawaida, akakaa chini, wakaanza kuongea ndizi zinachemshwa muda gani mpaka yale maji yanakuwa mekundu, zinaachwa siku ngapi kabla ya kuchuja, uji wa kimea unamiminwa ukiwa umepoa kiasi gani. Mama akasema ni nzuri ila msesewe, lile gome chungu la mti, ni kidogo, haina ule uchungu wa kuishika. Yule mama akajibu, dada yangu msesewe huku haupatikani kirahisi, nikiagiza unakuja umekauka mno. Wakaelewana. Walikaa hapo saa nzima na mwenyeji wetu hakuangalia saa hata mara moja, na kama kuna mtu anastahili nyota zote tano ni yule kijana.

Chakula cha mchana tulikula kwenye nyumba ya mama lishe kijijini, wali wa pale pale, ndizi za nazi, mchicha, nyama, maharage, vyungu vimepangwa mezani unajipakulia. Chakula kitamu mno na moto. Gesti ilikuwa ya kawaida, safi, maji ya moto yapo, chandarua kipo na kitumieni maana lile jina la mji halijatungwa bure.

Siku ya pili hifadhini. Gari ilitakiwa saa kumi na mbili, ikaja saa moja na robo, tukaingia getini saa mbili kasoro. Kwa wasiojua, hii hifadhi ni ya mwaka 1960, na tangu 1981 inatambuliwa na UNESCO kama hifadhi ya biosfia, yaani eneo la kutunza viumbe na mazingira yao, na jina lenyewe linatokana na neno la Kimasai la mnyaa, ule mmea wenye utomvu mweupe wanaozungushia maboma. Mama akasema sisi Wachaga mmea wetu wa mpaka ni isale. Ukiingia tu unaanza na msitu, ule ule wa maji ya chini ya ardhi tulioonyeshwa jana yake, mikuyu minene, vijito vinakatiza barabara, nyani makundi makubwa wamekaa barabarani wanachambuana chawa hawana habari na gari, kima juu, hondohondo wanapita wanapiga makelele na mabawa yao yanasikika kabisa vuu vuu. Na kwa sababu jana tulikuwa tumeonyeshwa chemchemi, mtoto kila kijito anasema haya ni yale ya Ngorongoro. Ndo maana nasema anzeni na kijiji kwanza ndio muingie hifadhini, msifanye kinyume. Wenzetu wa gari nyingine walikuwa wanaulizana mbona hamna wanyama, wakati sisi tulikuwa tunaona kitu kila mita.

Kuna lile daraja la kutembea juu ya miti, la kamba na nyavu, urefu kama mita 370 na pale juu kabisa ni mita 18 kutoka chini. Linalipiwa pembeni. Mama magoti hayaruhusu akabaki na wifi, mimi na mtoto tukapita. Linatikisika ndiyo, lakini limefungwa vizuri huwezi kuanguka, na ukiwa katikati unakuwa usawa mmoja na kima, unamwangalia na yeye anakuangalia. Thamani yake ipo.

Sasa nifike kwenye sababu ya safari yenyewe, pale Mto Simba unapoingia ziwani, kwenye bwawa la viboko. Ukitoka msituni ghafla mbele panakuwa peupe kabisa, tambarare, upepo, mbele huko maji yanang'aa mpaka huoni ng'ambo. Mto ukifika hapo unachoka, unaacha kuwa mto mmoja, unatawanyika kwenye vijimkondo na madimbwi na majani na matete, delta kabisa kama kwenye kitabu cha jiografia ila unaikanyaga, yaani unaikanyaga kwa macho maana kushuka hovyo hairuhusiwi, kuna jukwaa la mbao unasimama hapo. Viboko wamelala wamegandana kama mawe, mmoja anapiga miayo, juu ya migongo yao kuna ndege. Askari wa hifadhi aliyekuwepo akamweleza mtoto kitu ambacho mimi sikukijua, kwamba ziwa ni la magadi kwa sababu maji yanaingia hayatoki, jua linakausha maji chumvi inabaki, kwa hiyo viboko wanang'ang'ania hapa mlangoni mwa mto kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Na heroe, yaani flamingo, wao ni kinyume, wanataka kule kwenye magadi maana mwani wanaoula unaota kule. Kwa hiyo ukisimama sehemu moja unaona mstari, huku kwenye maji baridi viboko, bata bukini, yangeyange, korongo, kandege kenye vidole virefu kanatembea juu ya majani ya majini kana kwamba ni sakafu, halafu mbele kabisa kwenye magadi mstari wa pinki unasogea, na mwari wanaelea katikati. Mtoto akaandika kwenye daftari bila kulazimishwa. Swali lake la chumvi likawa limejibiwa palepale.

Askari akasema tena jambo lililonikaa. Maji ya mto yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akasema huo ni udongo wa mashamba ya juu, mvua kubwa inaukokota mpaka chini, ziwa lenyewe ni la kina kifupi sana, kwa hiyo kila msimu wa mvua tope linaongezeka na kina kinapungua. Nikakumbuka yule mama wa mafunjo, nikakumbuka na magunia ya kukinga maji kwenye mfereji, kila anayelima juu na kila anayefungulia maji njiani anamgusa yule kiboko. Sisi wa mlimani tunalijua hili, kwetu mtu wa juu akivuruga maji wa chini anapiga simu.

Na hapo hapo, wadau, ndo dereva akaanza kupiga honi. Dakika ishirini tu! Kasikia kwenye redio kuna simba mahali wamepanda mti, anataka tukimbie. Nikamwambia kaka, tulikubaliana na ofisi yako sisi tunafuata maji, simba sio lazima. Akasema mama wageni wote wanataka simba, msipoona mtalalamika. Tukaondoka, tukakimbizana na vumbi, tulipofika simba hawapo wameshashuka, tumezunguka saa nzima na nusu, jua limeshakuwa kali, kurudi bwawani akasema mafuta. Hiyo ndo sawa yao niliyosema muikumbuke. Jamani hiyo saa na nusu nilikuwa nimeilipia nisimame pale kwenye mbao niangalie maji. Sitaki kuficha, iliniuma, na mama alikuwa kimya njia nzima, na mama akikaa kimya mnajua.

Tuliendelea kusini mpaka kwenye maji moto, yanatoka chini ya mawe yakiwa ya moto kweli, harufu kama ya yai bovu, na njiani tulipita ule mto wa mchanga wa Ndala. Huko ndiko tulikopata tembo, familia nzima na kitoto, wako karibu kabisa na barabara wanakula bila wasiwasi. Mtafiti Iain Douglas-Hamilton alikaa maeneo hayo miaka ya 1960 akiwafuatilia tembo wa Manyara mmoja mmoja mpaka akawajua kwa masikio yao. Lanchi boksi yao naomba niipite haraka, kuku mkavu wa baridi, juisi ya boksi, keki imepondeka. Baada ya kile chakula cha jana kijijini ilikuwa ni huzuni. Semeni kabisa mnataka mfungiwe chakula na yule mama lishe.

Kwa ushauri wangu, mkitaka kwenda kama sisi, andikianeni kabisa kwenye karatasi au hata meseji kwamba bwawani mnakaa masaa mangapi, maana neno la mdomo dereva hana habari nalo. Bebeni darubini, sisi tulikuwa na moja ya kuazima tukagombania. Viatu vya kufunga, mfereji unateleza. Kina cha ziwa kinabadilika, ulizeni kabla, maana kuna kupiga kasia kwenye mitumbwi pia lakini mpaka maji yawe ya kutosha, sisi hatukupata. Na kama una mzazi mtu mzima usiogope kumpeleka, kijijini njia ni tambarare, na yeye ndiye atakayeongea na watu kuliko wewe.

Ningeenda tena na kampuni hiyo? Kijijini ndiyo, kwa yule yule kijana, hata kesho. Gari na dereva hapana, mpaka wabadilike. Ofisini wamenipigia jana wameomba radhi wamesema watanirudishia elfu sitini ya zile saa, bado haijaingia.

Mama karudi Kibosho juzi. Kaondoka na mkeka wa mafunjo kauviringisha chini ya kwapa, na leo asubuhi kanipigia kwamba ameshabandua gome la msesewe bichi, kalifunga kwenye gazeti na nailoni juu, anatafuta mtu wa kuaminika anayekwenda Karatu amshushie yule mama wa kilabu pale Mto wa Mbu kabla halijakauka. Kama kuna mtu anapita wiki hii aniambie.